Rili ya kuvulia besi: 2000, 2500 au 4000? Ulinganisho kwa mvuvi wa Arusha na Moshi

Kwa mkazi wa Arusha au Moshi anayetaka kununua rili moja tu (kifaa cha kukunjia mshipi kwenye fimbo) ya kuvulia samaki aitwaye besi, jibu letu ni hili: chukua namba 2500 (namba ni ukubwa wa rili), yenye breki ya mbele, gia ya takriban 6 kwa 1, na ukiweza ipatikane na spuli, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, ya akiba. Namba 2000 ina raha yake, namba 4000 ina kazi yake, na wapo wavuvi ambao tutawaambia wachukue mojawapo ya hizo. Lakini tuanze na samaki na maji yake, kwa sababu ndiyo yanayoamua.

Rili tunayoizungumzia ni ile inayoning'inia chini ya fimbo. Spuli yake imesimama tuli, na rota ndiyo inayozunguka na kuulaza mshipi juu yake. Zile za kukaa juu ya fimbo, ambazo spuli yenyewe huzunguka unaporusha, ni nzuri kwa chambo kizito, ila humsumbua anayejifunza: kidole kikichelewa kidogo, mshipi unageuka kiota cha ndege. Tunaziacha kando.

Samaki mwenyewe

Besi mdomo-mkubwa asili yake ni Amerika Kaskazini. Katika Afrika Mashariki makao yake yanayojulikana zaidi ni Ziwa Naivasha, Kenya, alikopelekwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Kutoka Arusha ni safari ya kilomita 360 hivi: Namanga, Nairobi, halafu unateremka Bonde la Ufa. Si safari ya kila Jumamosi. Siku nyingine zote rili hiyohiyo itakuwa Nyumba ya Mungu, lile bwawa lililo kusini mwa Moshi ambako maji ya Kikuletwa na Ruvu hukutana kabla ya kuendelea kama Pangani, ikitafuta perege na kambale. Rili unayonunua Arusha au Moshi lazima iweze kazi zote mbili, na ndiyo maana ushauri wa mtu wa Marekani anayevua besi peke yake hauwezi kuhamishwa kuja huku kama ulivyo.

Besi hukaa penye kificho: kwenye mafunjo, chini ya magugu maji, kando ya gogo lililozama. Hushtukiza chambo, hakifukuzi mbali. Akinasa huruka juu ya maji, hupanua kinywa na kutikisa kichwa, na mshipi ukilegea hata kwa muda mfupi, ndoana inatoka. Kwa hiyo anataka mambo mawili kwenye rili: iweze kukusanya haraka mshipi uliolegea, na breki yake ianze kuachia bila kukwama. Mshipi mrefu si hoja, kwa sababu besi si samaki wa kukimbia mita 100.

Kambale ni habari nyingine. Hana haraka, ana uzito. Huenda chini, hujizungusha na kung'ang'ania matope. Perege ana mdomo laini na vuta yake ni fupi. Breki ngumu humchana mdomo ukabaki na ndoana tupu. Na Naivasha kuna karpi pia, ambaye siku hizi ni sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa ziwani humo. Huyo akichukua mnyoo wako wa mpira hukimbia kweli, na hapo ndipo rili ya bei ya chee huumbuka.

Namba tatu kwa pamoja

| | 2000 | 2500 | 4000 |
|---|---|---|---|
| Uzito wa kawaida | gramu 180–220 | gramu 200–270 | gramu 280–400 |
| Kipenyo cha spuli | kama mm 43 | kama mm 46 | kama mm 51 |
| Nguvu ya mshipi unaoifaa | paundi 4–8 | paundi 6–12 | paundi 10–20 |
| Chambo kinachorushwa vizuri | gramu 2–7 | gramu 3–14 | gramu 10–30 |
| Samaki wake | perege, besi wadogo | besi, perege wakubwa, kambale wa wastani | kambale wakubwa, pwani |

Vipimo hivi hutofautiana kidogo kwa kila mtengenezaji, lakini havitakupoteza.

Namba 2000 inapendeza mkononi. Ukivua na fimbo nyepesi ya mita 1.8 au 2, ukirusha spina (chambo cha chuma kinachozunguka majini) ya gramu 4 kutafuta perege, hutasikia mkono ukichoka hadi jioni. Shida yake ni spuli nyembamba. Mshipi hujikunja kwa duara dogo, na nailoni yenye nguvu ya kuanzia paundi 10 hivi hulikumbuka duara hilo: unarusha, nao unatoka kama springi ya godoro, unapiga kwenye pete za fimbo na chambo kinaanguka karibu. Anayetaka 2000 kwa besi atumie mshipi wa kusuka, ambao haukumbuki umbo, au akubali kubaki kwenye paundi 6.

Namba 4000 inanunuliwa kwa woga. Mtu anafikiria kambale wa kilo 8, anaona 2500 ni toy ya mtoto. Kambale wa kilo 8 anavuliwa na 2500 yenye mshipi wa paundi 12, ila kwa subira na mahali palipo wazi. Kama unavua kando ya visiki au unatumia chambo cha kulala chini chenye chubwi ya gramu 30, basi sawa, 4000 ndiyo yako. Ila usiitarajie kurusha mnyoo wa mpira wa gramu 5 siku nzima. Gramu 100 za ziada mwishoni mwa mkono si nyingi ukiishika dukani. Rusha mara 300 kutwa, kiwiko kitakueleza.

Angalia pia mizani ya rili na fimbo. Funga rili kwenye fimbo, weka kidole kimoja mbele kidogo ya mguu wa rili, uachie. Fimbo ikae karibu usawa. Ncha ikianguka sana, mkono utakuwa unaibeba ncha hiyo kutwa; kitako kikianguka, utapoteza hisia ya chambo kikiguswa. Fimbo ya besi ya mita 2 hadi 2.1, ya nguvu ya kati, hukaa vizuri na 2500 bila kuhangaika.

Jambo moja huwachanganya wengi. Namba si kipimo cha kimataifa. Shimano wanapoandika C3000, maana yake ni bodi ya 2500 iliyobebeshwa spuli kubwa kidogo. C2500 ni bodi ya 2000. Daiwa walipoleta rili zao za LT walipunguza ukubwa wa bodi, hivyo 2500 ya zamani ya Daiwa ni kubwa kuliko LT 2500. Pflueger huandika 30 au 35 pale ambapo wengine wangeandika 2500 au 3000. Unayeagiza bila kuona, omba uzito kwa gramu na kipenyo cha spuli. Hivyo viwili havidanganyi.

Gia: 5.2 au 6.2

Gia ya 5.2 kwa 1 maana yake ukizungusha hendeli mara moja, rota inazunguka mara 5.2. Kwa spuli ya mm 46 iliyojaa, mzunguko mmoja wa rota unalaza sentimita 14.4 za mshipi. Zidisha: gia ya 5.2 inakupa sentimita 75 kwa kila mzunguko wa hendeli, ya 6.2 inakupa karibu 90.

Sentimita 15 zinaonekana ndogo. Sasa mfikirie besi aliyenasa umbali wa mita 15 akaamua kukujia mwenyewe, jambo analolifanya mara nyingi. Mwenye 5.2 anazungusha mara 20 kuukusanya mshipi huo, mwenye 6.2 mara 17 tu. Ni katika mizunguko hiyo mitatu ambapo mshipi hulegea na samaki hutema ndoana. Vilevile anayevua kwa mnyoo wa mpira huvuta kwa ncha ya fimbo, kisha hukusanya ulegevu, tena na tena. Gia ya haraka inampunguzia kazi.

Gia ya polepole nayo ina heshima yake. Ina nguvu zaidi ya kumwinua kambale kutoka chini, na humlazimisha mwenye pupa kuvuta spina kwa mwendo wa taratibu. Kosa la kawaida la mwenye 6.2 ni kuvuta kila kitu mbio mpaka samaki wanabaki wanashangaa. Kwa besi tunachagua 6.2 na kuuzuia mkono. Kwa mtu ambaye siku tisa kati ya kumi yuko kwenye kambale, 5.2 inatosha kabisa.

Kumbuka kwamba hesabu hizo ni za spuli iliyojaa. Mshipi ukishuka milimita 5 chini ya ukingo, kipenyo kinakuwa mm 36, na gia yako ya 6.2 sasa inakusanya sentimita 70. Ulilipia gia ya haraka, unatumia ya polepole, na chambo hakifiki mbali kwa sababu mshipi unasugua ukingo ukitoka.

Breki ndiyo rili

Kama kuna sehemu moja ya kutumia pesa, ni hii. Breki ni rundo la washa, yaani visahani vyembamba, zinazobanwa juu ya spuli. Ukikaza nobu, spuli huwa nzito kugeuka, ukilegeza huachia. Maboksi huandika kilo 8, kilo 10, kana kwamba ndiyo sifa. Fanya hesabu: mshipi wa paundi 10 hukatika kwenye kilo 4.5 hivi, na fundo likiwa baya hukatika kabla ya hapo. Breki hupangwa kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi, yaani kilo 1.1 hadi 1.5. Kilo 10 hutazitumia kamwe. Swali la kuuliza ni moja: hiyo kilo 1.5 inaachia vipi?

Jaribu hivi, hata ukiwa kaunta ya duka. Chukua chupa ya maji ya lita 1.5 iliyojaa, uzito wake ni kilo 1.5 na ushee. Funga mshipi wa rili shingoni mwa chupa, bila fimbo. Shika rili kwa mguu wake, inua. Kaza nobu mpaka chupa inyanyuke, kisha legeza kidogo kidogo. Breki nzuri itaanza kuiteremsha chupa taratibu, kwa mwendo mmoja, na sauti ya breki itakuwa ya mfululizo kama mvua ndogo kwenye bati. Breki mbaya itaishikilia chupa, halafu ghafla iachie sentimita 20, ishike tena, iachie tena. Ule mshtuko wa kuanza ndio unaokata mishipi. Samaki akivuta kwa nguvu mara ya kwanza, breki inayokwama inaweza kudai nguvu mara mbili ya uliyoipanga kabla haijaanza kuachia, na hapo kilo 1.5 yako imekuwa kilo 3 kwenye fundo.

Jaribio hilohilo ndilo la kupangia breki yako kila unapokwenda majini. Chupa ya lita moja kwa mshipi wa paundi 8, ya lita moja na nusu kwa paundi 10. Hakuna haja ya mizani.

Washa ni za sufi iliyogandamizwa au za kaboni. Za sufi huanza kwa ulaini mzuri, lakini zikiachwa zimekazwa stoo kwa miezi miwili hulala, nazo zikilala hukwama. Za kaboni huvumilia joto na uzembe. Ukipata rili ya 2500 yenye kaboni kwa tofauti ya bei isiyouma, ongeza pesa.

Breki ya mbele au ya nyuma? Ya mbele imo ndani ya spuli, washa zake ni pana, sehemu ni chache. Ya nyuma ni rahisi kufikia kwa kidole wakati samaki yuko mshipini, ila washa zake ni ndogo, mfumo una sehemu nyingi, na kitako cha rili kinakuwa kirefu. Zinauzwa sana kwenye seti za fimbo na rili pamoja. Kwa perege wa robo kilo hutaona tofauti. Kwa besi wa kilo 2 utaiona.

Bodi, beringi, na maneno ya boksi

Bodi ni za aina mbili: alumini, au plastiki iliyoimarishwa ambayo wauzaji huiita grafaiti. Alumini haipindi ukimvuta kambale, hivyo gia hubaki zimekaana sawasawa. Plastiki nzuri ni nyepesi na kwa besi inatosha, kwa sababu mshipi wenyewe utakatika kabla bodi haijapinda. Plastiki mbaya utaijua hivi: kaza breki kabisa, shika rota kwa mkono mmoja, jaribu kuzungusha hendeli kwa nguvu ya wastani, ukiangalia mahali shingo ya mguu inapoungana na bodi. Ikinyumbuka ukaona kwa macho, irudishe kwenye boksi.

Beringi zisikutoe pesa. Rili isiyo na jina lililoandikwa kwamba ina beringi 13 inaweza kuwa mbovu kuliko ya beringi 4 zilizowekwa mahali panapostahili: mbili kwenye gia kubwa, moja kwenye rota, moja kwenye rola. Zilizobaki mara nyingi zimejazwa kwenye kishikio cha hendeli ili namba ya boksi ikue. Badala ya kuhesabu, zungusha. Fumba macho, izungushe polepole sana, mzunguko mmoja kwa sekunde tatu. Unatafuta mkwaruzo unaorudi mahali palepale kila mzunguko; huo ni wa gia. Mkwaruzo usiorudi mahali pamoja mara nyingi ni grisi mpya au uchafu.

Halafu jaribu kuirudisha hendeli nyuma kwa ghafla. Isirudi hata kidogo. Ndani kuna klachi ya vijiti vidogo inayozuia, na ikirudi nusu duara kabla ya kushika, kila utakapompiga besi ndoana rili itakunyang'anya nguvu hiyo. Kama ni rili iliyotumika, ya mitumba, sababu ya kawaida ni mtu kuijaza klachi grisi. Vijiti vinateleza. Huoshwa kwa spiriti, hukaushwa, hutiwa tone moja la oili nyepesi, na mara nyingi hupona.

Hendeli ya kukaza kwa skrubu moja kwa moja kwenye gia haichezi. Ile inayokunjwa kwa kubonyeza kitufe huanza kucheza baada ya msimu mmoja. Rili nyingi huruhusu hendeli ihamishwe kushoto au kulia, kwa hiyo usikatae rili kwa sababu hiyo kabla hujauliza.

Kitu kidogo kinachosahaulika ni rola, ile gurudumu ndogo ambapo mshipi hupita, kwenye upinde, yaani ule waya unaofunguliwa kabla ya kurusha. Isipozunguka, mshipi unasugua mahali pamoja, wa kusuka unaikata mfereji, wa nailoni unasokoteka. Pitisha mshipi chini yake, vuta huku na huku, tazama kama inageuka. Wino wa kalamu kwenye ukingo wake utakuonyesha vizuri zaidi kuliko jicho tupu.

Majina machache, na tunavyoyaona

Mtu wa kuanza, mwenye bajeti ndogo: Shimano Sienna. Bodi ya plastiki, beringi chache, lakini gia zake zinakaa. Ni bora sana kuliko rili za seti zilizokuja na mshipi tayari ndani. Akiweza kupanda ngazi moja, Sedona ya 2500HG ina gia ya 6.2 na mzunguko laini zaidi. Ngazi nyingine ni Nasci, ambayo ina kinga fulani dhidi ya maji kuingia ndani. Hii ndiyo tungempa anayekwenda Naivasha kurusha kutoka kwenye boti tangu alfajiri, kwa sababu ni nyepesi na ina kasi.

Upande wa chuma kuna Daiwa BG na Penn Battle. BG 2500 ina bodi ya alumini na gia ya 5.6, iko katikati ya haraka na polepole. Battle III 2500 ni ya chuma pia, gia 6.2, washa za breki ni za kaboni, na spuli yake ina mpira unaoshika mshipi wa kusuka usiteleze. Zote mbili ni nzito kuliko Nasci na utazisikia mkononi. Tunazipendekeza kwa yule ambaye Naivasha ataiona mara moja kwa mwaka, lakini Nyumba ya Mungu kila wiki, na anateremka Tanga au Pangani mara mojamoja. Rili nyepesi isiyo na kinga haifai maji ya chumvi hata kwa siku moja.

Pflueger President ya namba 30 ina mzunguko laini sana kwa bei yake. Gia yake ya 5.2 ndiyo inayotuzuia kuiweka mbele kwa besi. Kwa perege hatuna neno nayo.

Kati ya Nasci na Battle, kama rili ni moja na mvuvi ni wa Moshi, tunachukua Battle. Kama ni wa Arusha na marafiki zake wana boti Naivasha, Nasci. Tofauti ya uzito ni ya kweli, na tofauti ya uimara ni ya kweli pia.

Kuiwekea mshipi

Rili nzuri iliyojazwa vibaya hurusha kama mbovu. Kwa 2500 ya besi tunaweka mshipi wa kusuka wa paundi 10, mita 120 hadi 150, na mbele yake kipande cha florokaboni cha paundi 8 au 10, urefu wa mita 1.5, kwa fundo la uni mbili zilizokutanishwa. Mshipi wa kusuka unaonekana majini. Florokaboni haionekani sana na inavumilia kusuguliwa na mafunjo.

Usiufunge mshipi wa kusuka moja kwa moja kwenye chuma kitupu cha spuli. Utakaa vizuri, utarusha vizuri, na siku karpi atakapokimbia spuli nzima ya mshipi itazunguka juu ya chuma kama pete kwenye kidole chembamba. Utadhani breki imekufa, utaikaza, na haitasaidia. Tanguliza nailoni mizunguko 15 au zaidi, kisha unganisha. Spuli ikiwa na kina kirefu, nailoni ya chini pia inakuokolea pesa za mshipi wa kusuka.

Weka gurudumu la mshipi mpya sakafuni, lebo ikitazama juu. Pitisha mshipi kwenye pete ya kwanza ya fimbo, funga, kisha ubane kwa kitambaa kibichi kati ya vidole ili ulale kwa kubanwa. Zungusha hendeli mara 10, simama, legeza mshipi. Ukijisokota wenyewe kama kamba ya katani, geuza gurudumu lebo itazame chini. Jaza mpaka zibaki milimita 2 au 3 chini ya ukingo. Ukizidisha, mizunguko mitano itatoka kwa pamoja kwenye mrusho wa kwanza na utatumia asubuhi nzima kufumua.

Baada ya kurusha, funga upinde kwa mkono, si kwa kuzungusha hendeli, na uvute mshipi kidogo uketi kwenye rola. Hilo peke yake huondoa mafundo mengi ya ajabu. Lizoee kwenye uwanja wa mpira, ukitumia chubwi ya gramu 7 bila ndoana, kabla ya kwenda majini.

Vumbi

Adui wa rili ya huku ni vumbi kuliko maji. Rili iliyofungwa kwenye fimbo nyuma ya bodaboda mpaka Nyumba ya Mungu hufika ikiwa na vumbi jekundu kwenye rola, kwenye ekseli ya hendeli na chini ya spuli. Ivishe soksi nene, ifunge kwa mpira. Haina gharama.

Ukirudi nyumbani, kaza breki kwanza ili uchafu usiingie kwenye washa, futa rili kwa kitambaa chenye unyevu, iache ikauke kivulini. Usiipige maji ya presha wala kuizamisha kwenye ndoo. Presha huusukuma mchanga ndani ya bodi ulikokuwa haujafika. Tone moja la oili ya cherehani kwenye rola, moja kwenye ekseli ya hendeli, moja kwenye bawaba ya upinde. Grisi ni ya gia tu, kiasi cha punje ya mchele, mara moja au mbili kwa mwaka. Oili isiguse washa za sufi.

Kabla ya kwenda Naivasha hakikisha leseni, kwa Kenya na kwa samaki unaokwenda kuwavua. Na kwa Nyumba ya Mungu ulizia ofisi ya uvuvi ya halmashauri, kwani kuna vipindi ambapo bwawa hufungwa samaki wazaliane. Maji yote mawili yana viboko, na Nyumba ya Mungu ina mamba pia, kwa hiyo usisimame ndani ya maji kumfikia samaki aliyekwama kwenye nyasi. Kata mshipi.

Mwisho wa siku, rili ikishakauka, legeza nobu ya breki mpaka spuli igeuke kwa kidole kimoja, halafu ndiyo uirudishe kwenye soksi yake.